Laptopu ya Bei Nafuu Kigoma: Namna ya Kuipima Kabla Hela Haijatoka Mfukoni

Kasoro za laptopu ziko za aina mbili: zinazorekebishika na za kudumu. Diski iliyochoka fundi anaibadilisha kwa dakika 20. RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ikiwa ndogo inaongezwa, betri iliyokufa inatafutiwa nyingine, chaja unanunua siku hiyo hiyo. Lakini prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) dhaifu iliyochomelewa kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine), RAM isiyo na nafasi ya kuongezwa, au kufuli la kampuni ya Ulaya lililobaki ndani ya mashine, utaishi navyo mpaka siku utakapoitupa. Kasoro ya kwanza inapunguza bei. Ya pili inakuondoa dukani, hata muuzaji akiteremsha bei kiasi gani.

Kwa mnunuzi wa Kigoma tofauti hii ina uzito wa pekee. Mashine nyingi zinazofika huku zimepitia Kariakoo, na kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Garantii ya miezi mitatu inayotaka mashine irudi Dar ni garantii ya karatasi tu: gharama ya kifurushi kwenda na kurudi, siku nyingi za kukaa bila mashine, na mabishano ya simu juu ya nani aliyeiharibu njiani. Kinachokulinda ni ukaguzi wa makini mbele ya muuzaji.

Kazi yako ni ipi?

Taja kazi nzito kuliko zote utakayoifanya, si ile ya kila siku. Mwalimu anayeandaa mitihani na kujaza alama, mwanafunzi anayeandika ripoti na kutuma maombi ya mkopo mtandaoni, mwenye stationeri pale Gungu anayechapa barua na kusafisha picha za pasipoti: hawa wote wanatosheka na prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8 (namna ya kukisoma kizazi iko chini), RAM ya GB 8 na SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, ya GB 256. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo aanzie RAM ya GB 16, na ajue kwamba laptopu ya bei nafuu itamchosha. Anayetaka kuandika tu anaweza kushuka hadi kizazi cha 6, kwa sharti nitakalolieleza chini.

Mpya dhaifu au mtumba imara?

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Kwa bei moja utaona boksi jipya linalong'aa lenye prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Pembeni yake HP EliteBook au ThinkPad ya mtumba, imechubuka kona, ina Core i5, GB 8 na SSD. Mnunuzi wa mara ya kwanza huchukua boksi. Ushauri wetu ni kuchukua iliyochubuka, kama itapita ukaguzi.

N4020 ina viini viwili tu vya hesabu, vilivyoundwa kwa kuokoa umeme, si kwa kasi. Hifadhi yake ya GB 64 huwa ni eMMC, aina ile ile ya hifadhi iliyomo kwenye simu za bei ya chini, na imechomelewa kwenye mazabodi. Windows 11 yenyewe inakula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na kila sasisho kubwa linataka GB nyingine kadhaa za kujipanga. Baada ya miezi michache mashine inajaa, masasisho yanagoma, na kila kitu kinatambaa. RAM yake mara nyingi nayo imechomelewa. Kwa hiyo udhaifu wake wote ni wa aina ya kudumu, ndiyo maana upya wake haumsaidii mnunuzi.

Mashine za ofisi, yaani HP EliteBook na ProBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, ziliundwa zifunguliwe na mafundi wa kampuni. Skrubu za kawaida chini, kifuniko kinatoka, RAM na diski vinaonekana. Vipuri vyake ni vingi kwa sababu ziliuzwa kwa wingi duniani, na fundi wa Mwanga au Ujiji huwa amewahi kuzifungua.

Tahadhari mbili kuhusu bei zinazovutia mno. Ya kwanza ni Chromebook: ndogo, nyepesi, rahisi, lakini haikuundwa kwa Windows, hifadhi yake nyingi ni GB 16 au 32, na Google huipangia tarehe ya mwisho ya masasisho. Nyingine zilikuwa za shule na bado zimeandikishwa kwa shule hiyo. Ya pili ni MacBook ya zamani: RAM ya MacBook Air haiongezwi kabisa, na ikiwa mwenyewe wa kwanza hakuiondoa kwenye akaunti yake ya Apple, kufuli la uamilishaji linaweza kukuachia kipande cha bati.

Kusoma jina la prosesa

Neno "Core i7" kwenye stika halikwambii kitu mpaka usome namba inayofuata. Chukua i5-8250U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 8, ndiyo kizazi. Ikiwa namba ina tarakimu tano, kama i5-10210U, kizazi ni 10. Herufi U maana yake prosesa ya kuokoa umeme ya laptopu nyembamba. H ni ya nguvu zaidi na joto zaidi.

Mstari mkubwa uko kati ya kizazi cha 7 na cha 8. i5-7200U, na hata i7-7600U, zina viini viwili. i5-8250U ina vinne. Ndiyo maana i5 ya kizazi cha 8 huishinda i7 ya kizazi cha 7 kwenye kazi nyingi, na anayekuambia "chukua hii, ni i7" bila kutaja kizazi anakuuzia stika. i3-8130U imebaki na viini viwili, kwa hiyo hesabu hii ni ya i5 na i7.

Mstari huo huo Microsoft iliutumia kwa Windows 11: kwa prosesa za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mafundi wanaweza kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 6, na itawaka, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hiyo. Hilo ndilo sharti la kushuka kizazi cha 6: bei iwe chini kabisa, na uwe tayari kutumia Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayochukua nafasi ya Windows, siku Windows itakapokugomea.

Modeli zinazoonekana sana unaweza kuzikariri. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, G5 na G6 kwa kawaida ni cha 8. Latitude 7480 ni cha 6 au 7. 7490 kwa kawaida ni cha 8. ThinkPad T470 ni cha 6 au 7, T480 kwa kawaida ni cha 8. Nimesema "kwa kawaida" kwa makusudi: G5, 7490 na T480 baadhi zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Jina la modeli linakupeleka karibu. Prosesa yenyewe ndiyo unayolipia.

RAM: angalia nafasi, si namba tu

GB 4 haitoshi tena. Kivinjari chenye kurasa sita na Word inayofanya kazi vinaimaliza, kisha Windows inaanza kutumia diski kama RAM na mashine inakwama. GB 8 ndiyo sakafu. Ukikuta GB 4 kwenye mashine nzuri, usiikimbie kabla ya kujua kama inaongezwa.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya "Performance", kisha "Memory". Pale pana mstari wa "Slots used". Ukisoma "1 of 2", kuna nafasi wazi. EliteBook 840 G3 hadi G5 na ThinkPad T480 zina nafasi mbili. Latitude 7280 na ThinkPad X270 zina moja, kwa hiyo kuongeza ni kutoa iliyopo na kuweka kubwa. T470s na T480s zina sehemu iliyochomelewa na nafasi moja. ThinkPad X1 Carbon imechomelewa yote: ulichonunua ndicho hicho. Kabla ya kununua RAM hakikisha ni DDR4 au DDR3L kama inavyotakiwa. Hazibadilishani, hata kuingia kwenye tundu haziingii.

Vya kwenda navyo

Simu yenye bando la kutosha na hotspot. Flashi ya GB 8 au zaidi iliyowekwa Linux Mint ya kuwaka bila kusakinishwa; mwenye stationeri au fundi yeyote atakutengenezea. Flashi ya pili yenye CrystalDiskInfo (programu ya kupima afya ya diski) isiyohitaji kusakinishwa, video moja ya nusu saa na picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Spika za masikioni za waya. Kalamu na karatasi. Na nenda mchana, dukani kwenye meza. Ukaguzi wa kwenye gari au bandarini Kibirizi mtu akiwa na haraka ya boti hauna maana.

Ukaguzi wenyewe

Anza mashine ikiwa imezimwa. Iweke juu ya kioo cha kaunta au meza iliyonyooka. Ikitikisika kama kiti chenye mguu mfupi, au padi ya kugusia imeinuka upande mmoja, au kibodi imevimba katikati, betri imejaa gesi. Hiyo ni hatari ya moto, na betri hiyo hesabu ni sifuri. Isitumike wala isichajiwe.

Fungua kifuniko polepole kwa kushika kona moja, kisha nyingine, huku ukisikiliza bawaba. Mlio wa kukatika, au pengo linalofunguka kati ya plastiki na fremu, maana yake nati za shaba zinazoshika skrubu zimeng'oka kwenye plastiki. Huu ni ugonjwa wa mashine za plastiki za bei ya chini: bawaba inakaza kwa vumbi na kutu, mtu anafungua kwa nguvu, plastiki inakubali kabla ya chuma. Gundi ya fundi hukaa wiki kadhaa tu. Mwili mzima wa juu ubadilishwe, au uiache.

Geuza chini, tazama skrubu. Vichwa vilivyolika ni dalili kwamba imefunguliwa mara nyingi. Skrubu zenye kutu, hasa karibu na tundu za USB, ni dalili ya maji, na mazabodi iliyoonja maji huwa na tabia ya kuwaka leo na kugoma baada ya mwezi. Katika mji wa ziwa hili lipewe macho mawili. Ingiza tochi ya simu kwenye tundu za USB: shaba iwe safi, isiwe ya kijani.

Chaja. Soma maandishi yake. Dell na HP nyingi za ofisi hutumia volti 19.5, Lenovo volti 20. Wati 65 huwa zinatosha kwa modeli tulizozitaja. Kwenye chaja za Dell za pini ya katikati, pini hiyo ndiyo inayoiambia mashine kwamba chaja ni halali. Ikikatika au chaja ikiwa ya bandia, utaona ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani. Hapo betri inaweza isichaji kabisa na prosesa inateremshwa kasi. Watu wameuza mashine nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya kasoro hii ya chaja, na wengine wamenunua mashine yenye tundu bovu wakiambiwa "ni chaja tu". Jaribu chaja nyingine ya duka hilo hilo, utajua.

ThinkPad T480 haina tundu jingine la chaja isipokuwa mbili za USB-C. Chaji kwa kila moja, na tikisa waya kidogo. Moja ikiwa imekufa, iliyobaki ndiyo roho ya mashine. Punguza bei au ondoka. Uzuri wa USB-C ni kwamba anayetumia sola Kalinzi au Nguruka anaweza kuchaji kwa chaja ya gari ya wati 65 moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12, bila inveta inayokula umeme bure.

Sasa washa, lakini usiingie Windows. Bonyeza F10 mfululizo kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, mpaka BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya mashine yenyewe, ifunguke. Hii ndiyo dakika muhimu kuliko zote za ukaguzi.

Ikidai nenosiri, simama hapo. Kwenye mashine za ofisi nenosiri la BIOS halitoki kwa kuchomoa betri ndogo ya saa kama zamani. Limehifadhiwa kwenye chipu, na kulitoa ni kazi ya kuiandika upya chipu hiyo. Muuzaji atasema "haina shida, Windows inafanya kazi". Shida itakuja siku diski itakapokufa na BIOS ikakukatalia kuwaka kwa flashi.

Isipodai, soma humo modeli, prosesa, RAM na namba ya mashine, na uandike. Windows inaweza kuchezewa ionyeshe jina la prosesa isiyokuwepo. BIOS ni vigumu kuidanganya. Linganisha namba ya mashine na ile ya stika ya chini. Zikitofautiana, mazabodi imebadilishwa au stika imetoka kwenye mashine nyingine. Tafuta pia neno Computrace au Absolute kwenye sehemu ya usalama. Likiwa "Activated", mashine iliandikishwa kwenye mfumo wa kufuatilia mali, na kampuni inaweza kuifunga kutoka mbali.

Kuna kufuli jingine lisiloonekana kwenye BIOS. Makampuni na shule nyingi huandikisha laptopu zao kwa Microsoft kupitia mfumo wa Autopilot. Fundi akisakinisha Windows bila intaneti, mashine inaonekana huru. Siku utakapoirejesha upya na kuiunganisha mtandaoni, inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kudai barua pepe ya kazini. Kubadilisha diski hakusaidii, maana utambulisho uko kwenye mashine yenyewe, na mwenye uwezo wa kuufuta ni kampuni ile. Kipimo cha uhakika ni kumwomba muuzaji airejeshe upya Windows mbele yako na kuiunganisha kwa hotspot yako wakati wa kuanza. Itachukua nusu saa au zaidi, na muuzaji asiyetaka kupoteza muda atakunja uso. Mwombe basi aandike kwenye risiti kwamba ikiibuka na kufuli la kampuni atarudisha hela yote. Asipokubali lolote kati ya hayo mawili, jibu umeshalipata.

Chomeka flashi ya Linux Mint, washa kwa F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo. Mfumo usiosakinishwa na muuzaji hauna sababu ya kudanganya. Ukiwa humo jaribu Wi-Fi ukiwa mita saba au nane kutoka kwenye simu yako, kamera, maikrofoni, sauti kwa spika na kwa waya. Fungua faili tupu la maandishi na ubonyeze vitufe vyote, kimoja kimoja, pamoja na nafasi na Shift zote mbili. Kitufe kinachoandika mara mbili au kinachotaka kukandamizwa ni kibodi ya kubadilisha. Ukiandika Z ikatokea Y, kibodi ni ya Kijerumani. A ikitokea Q, ni ya Kifaransa. Hilo si kosa la mashine, na mpangilio unabadilishwa kwenye mipangilio, lakini alama zilizochapwa zitabaki zinakupotosha. Kwa mwenye stationeri anayeajiri mpigachapa, hiyo ni sababu ya kudai punguzo.

Fungua picha za rangi tupu kioo kizima. Kwenye nyeupe utaona madoa ya mgandamizo, kwenye nyeusi utaona nukta zinazowaka zisizozimika na mwanga unaovuja pembeni. Ukiwa kwenye nyeupe, inamisha kifuniko taratibu mbele na nyuma. Kioo kikipepesa, waya wa kioo umechoka kwenye bawaba. Kama kioo ni cha 1366 kwa 768, maandishi yatakuwa makubwa na nafasi finyu. Kwa anayejaza majedwali siku nzima, tafuta cha 1920 kwa 1080.

Rudi Windows. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Namba mbili ndizo unazozitaka: "Design capacity", uwezo wa kiwandani, na "Full charge capacity", uwezo uliobaki. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Betri ya 50,000 mWh iliyobaki na 35,000 ina asilimia 70. Kwa kuandika na kusoma, mashine ya inchi 14 yenye prosesa ya U hula takribani wati 8 hadi 12. Kwa hiyo 35,000 mWh, yaani 35 Wh, gawanya kwa 10 ni saa tatu na nusu. Chini ya asilimia 50 hesabu betri mpya. Namba zikilingana kabisa kwenye mashine ya miaka sita, betri imebadilishwa au chipu yake haisemi kweli. Chomoa chaja ikiwa asilimia 100 na cheza ile video ya nusu saa. Ikishuka zaidi ya asilimia 20, ripoti ilikudanganya.

Video inapocheza, fungua kurasa kumi za kivinjari na utazame kasi ya prosesa kwenye ile sehemu ya "Performance". Ikikaa chini ya 1 GHz huku matumizi yamefika asilimia 100, ama chaja haitambuliki ama joto limezidi. Weka mkono kwenye tundu la hewa: hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni nzuri. Ikiwa feni inalia na hewa haitoki, vumbi limeziba. Kusafisha na kupaka grisi mpya ya prosesa ni kazi ndogo ya fundi. Mashine ikizima ghafla yenyewe ndani ya nusu saa hiyo, usiichukue.

Diski sasa. Fungua CrystalDiskInfo. "Good" ya bluu endelea. "Caution" ya njano hesabu SSD mpya. Kwa diski za kuzunguka, mistari ya kuangalia ni "Reallocated Sectors" na "Current Pending Sector": namba yoyote isiyo sifuri kwenye safu ya "Raw Values" ni diski inayoanza kufa. Saa za matumizi nazo zipo. Mwaka mmoja wa kuwaka bila kuzimwa ni saa 8,760. Hata ikiwa nzima, diski ya kuzunguka ihesabu kama ya kubadilishwa. Hakuna shilingi itakayoibadilisha mashine ya zamani kuliko ile ya SSD.

Mwisho wa Windows: andika slmgr /xpr. Ukiona kwamba imeamilishwa kudumu, vizuri. Ukiona tarehe ya kuisha, kuna uwezekano mkubwa imeamilishwa kwa programu ya wizi, na programu hizo huja na wageni wengine ndani. Mashine nyingi za ofisi zilitoka kiwandani na leseni ndani ya BIOS, kwa hiyo kuisakinisha upya kwa usafi mara nyingi hutosha.

Hesabu ya mwisho

Namba zifuatazo ni za kuonyesha njia. Weka za duka lako. Mashine A inauzwa 380,000: GB 4, diski ya kuzunguka, betri asilimia 30. Mashine B, modeli hiyo hiyo, 520,000: GB 8, SSD, betri asilimia 80. Kwa A ongeza RAM 60,000, SSD 90,000, betri 85,000, fundi 15,000. Jumla 630,000. A ni ghali kuliko B kwa 110,000, na bado hujahesabu siku za kusubiri betri itoke Dar. Ukiipenda A, mbele ya muuzaji hesabu ni 520,000 toa 250,000: bei yake isizidi 270,000. Mwonyeshe karatasi yako, mstari kwa mstari. Muuzaji anayejua kazi hubishana na namba chache tu.

Mashine yenye kasoro ya kudumu haiingii kwenye hesabu hii. Kufuli la BIOS halina bei ya kutoa.

Ukinunua kutoka Kariakoo ukiwa Kigoma

Winga, yaani dalali wa Kariakoo, atakutumia picha nzuri. Kataa picha. Omba video moja isiyokatwa: ianze kwenye stika ya chini namba ikisomeka, iende kwenye BIOS, kisha ripoti ya betri, kisha kioo cheupe, na mwisho aandike kwa kibodi hiyo jina lako na tarehe ya siku. Video ya namna hiyo haiwezi kuwa ya mashine nyingine. Bora zaidi, mtafute ndugu au mwanafunzi wa Kigoma aliyeko Dar, mpe orodha hii na flashi.

Malipo yagawanywe: sehemu kwa kuanzia, iliyobaki baada ya kuikagua ilipofika. Mzigo wa basi uandikwe kwenye risiti kuwa ni laptopu na thamani yake. Ifungwe kwenye boksi gumu lenye sponji pande zote sita, chaja iwekwe kando na isilale juu ya kifuniko. Vioo vingi hupasuka njiani kwa sababu ya chaja yake yenyewe. Ikifika, fungua pale pale ofisi ya mizigo huku simu ikirekodi.

Karatasi

Dukani dai risiti ya EFD yenye modeli na namba ya mashine, si "laptop moja" tu. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikeni makubaliano ya mauziano kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya shahidi, yenye namba ya mashine, namba za vitambulisho na sahihi. Mashine ya wizi ikifuatiliwa, karatasi hiyo ndiyo itakayokutofautisha na mwizi. Anayeikwepa ofisi ya mtaa kwa mashine anayosema ni yake, mwache nayo.

Siku saba za kwanza itumie kwa nguvu kuliko utakavyoitumia baadaye: iwashe asubuhi mpaka jioni, ilaze na kuiamsha, chaji na kuimaliza mara tatu, unganisha printa na projekta. Kasoro za mazabodi na RAM hupenda kujitokeza mashine ikishapata joto la saa kadhaa, na ni nafuu zitokee muuzaji akiwa bado ndani ya muda aliouandika kwenye risiti. Chaja iwe kwenye kinga ya umeme tangu siku ya kwanza; umeme ukikatika, chomoa, na usirudishe mpaka utulie dakika chache.